Kamanda wa Duluti hana kazi kwenye Kamati ya Siasa

Makamanda,

Sisi kwa sisi tunaitana kamanda kila siku, hata yule ambaye kadi yake hajailipia. Ila kuna chuo Arusha, jirani na Ziwa Duluti, ambako ukamanda ni somo la darasani: Chuo cha Ukamanda na Unadhimu cha JWTZ. Huendi pale kujifunza kulenga shabaha. Hayo unayamaliza Monduli ukiwa kuruta wa uofisa. Duluti wanaenda maofisa ambao tayari wameongoza askari, wakajifunze kupanga: ramani, chakula cha kikosi, mafuta, habari za adui, na namna ya kumwambia mkuu ukweli kabla hajaamua. Hata majeshi ya nchi nyingine za Afrika huleta maofisa wao pale. Ngazi ya juu zaidi ni Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi, kilichofunguliwa mwaka 2012, ambako maofisa wakuu wa jeshi wanakaa darasa moja na vigogo wa serikali.

Utaniuliza, mura, Duluti inamhusu nini kijana wa Nyamongo au Mugumu? Inamhusu sana. Kwetu ni vigumu kupata ukoo usio na mtu jeshini. Mkoa huu umetoa wakuu wa majeshi watatu: David Musuguri wa Butiama, Ernest Mwita Kiaro na George Marwa Waitara. Musuguri aliingia jeshi la Mwingereza, KAR, mwaka 1942. Enzi zile Mwafrika aliitwa hodari vitani, lakini uofisa ulikuwa wa Mzungu, na cheo cha efendi kilipokuja ndicho kikawa dari lake. Mzee huyo ndiye aliyeongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Kagera, mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi, na akafariki mwaka 2024 akiwa na miaka 104.

Sasa twende taratibu, maana historia hii ina funzo.

Tulipopata uhuru mwaka 1961, maofisa wengi wa Tanganyika Rifles walikuwa bado Waingereza. Wachache kama Alex Nyirenda na Mirisho Sarakikya walikuwa wamesomeshwa Sandhurst kwa sababu hapa nyumbani hapakuwa na chuo cha maofisa. Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Lugalo ya leo, wakaasi. Walitaka mishahara mizuri na maofisa wa Kiingereza waondoke. Mwalimu alilazimika kuwaita makomando wa Uingereza kuzima maasi, aibu ambayo hakuificha. Jeshi likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ chini ya Sarakikya.

Jeshi jipya lilianza na vijana wa TANU. Hoja ya wakati ule ilikuwa kwamba askari asiye na siasa ni bunduki ya kukodi. Kwa hiyo vyuo vyetu vya kijeshi vilifundisha mbinu za vita na siasa ya chama pamoja. Kambini kulikuwa na makamishna wa siasa. Jakaya Kikwete mwenyewe, katikati ya miaka ya 1980, alikuwa mkufunzi mkuu wa siasa Monduli. Nchi ilikuwa na chama kimoja, kwa hiyo wengi hawakuona tatizo.

Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi na ule uzi ukakatwa. Ofisa akaambiwa achague: gwanda au chama. Kikwete akachagua siasa, akastaafu jeshi akiwa Luteni Kanali. Soma Katiba, ibara ya 147(3): ni marufuku mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Haki aliyobakiziwa ni kupiga kura. Na kifungu kinachofuata kinasema mwanajeshi ni pamoja na polisi, magereza na JKT.

Ndiyo maana nasema uzi ule unashonwa tena kimyakimya. Mwaka 2021 Tarime ilipewa mkuu wa wilaya mwenye cheo cha Kanali, Michael Mntenjele. Mwaka 2024 mkoa mzima wa Mara ukakabidhiwa kwa Kanali Evans Mtambi. Sina ugomvi na mtu hapa, na Rais ana mamlaka ya kuteua. Tatizo langu ni kiti. Mkuu wa wilaya ni mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama, na kwa utaratibu wa CCM ana nafasi kwenye Kamati ya Siasa ya chama hicho wilayani. Mkuu wa mkoa naye vilevile kwa ngazi yake. Ukitaka kujua kiti kile kina rangi gani, angalia Serengeti: mwaka 2021 alikipata Vincent Mashinji, katibu mkuu wetu wa zamani, baada ya kuhamia CCM. Yeye ni raia, ana haki ya kuhama. Kanali aliye kwenye utumishi haki hiyo hana.

Basi maswali ni mawili tu. Ofisa huyu amestaafu au bado analitumikia jeshi? Kama bado, anaingia kwenye Kamati ya Siasa ya CCM au haingii? Akiingia, ibara ya 147 ina maana gani? Kama haingii, watamke hadharani, tupige makofi na tuendelee na mengine.

Wapo watakaosema mwanajeshi anafaa Tarime kwa sababu ya mapigano ya koo, bangi, mpaka na wavamizi wa mgodi. Nawaelewa. Nidhamu ya Duluti ni mali, na barabara au hospitali ikipangwa na mtu aliyefundishwa unadhimu huenda ikakamilika. Lakini ofisa anapoonekana upande wa chama kimoja, mgogoro wa ardhi au wa mgodi ukilipuka nusu ya wananchi hawamwamini tena. Na tunapoteza kitu kikubwa kuliko uchaguzi mmoja: heshima ambayo jeshi letu limeilinda tangu maasi ya 1964.

Kwa hiyo, makamanda, tuache kuwatukana askari mitandaoni. Wale ni kaka zetu na dada zetu, na wengi wanaumia kuliko sisi. Kazi yetu ni moja: peleka maswali hayo mawili kwa diwani wako, yasome kwenye mkutano wa kijiji, yaandike kwa barua yenye tarehe na saini, na nakala ubaki nayo. Wakinyamaza, nalo ni jibu. Tutalitembeza kata kwa kata.