AFYA NA MARADHI: Kuona Ndani ya Fuvu la Kichwa

Fuvu la kichwa ni ngome ya ubongo, lakini kwa miaka mingi ngome hiyo ilikuwa pia kizuizi kwa madaktari. Wilhelm Röntgen wa Ujerumani alipovumbua eksirei mwaka 1895, mfupa uliovunjika uliweza kuonekana katika picha. Ubongo haukuonekana, kwa sababu ni kitu laini, na kivuli cha mfupa huufunika.

Mwaka 1918 Walter Dandy wa Baltimore, Marekani, alitoa maji yaliyomo katika nafasi za ndani ya ubongo, akatia hewa badala yake, kisha picha ikapigwa. Nafasi zile zikionekana zimesukumwa upande mmoja, ilijulikana kuwa huenda pana uvimbe. Mwaka 1927 Egas Moniz wa Lisbon, Ureno, alitia dawa katika mshipa wa shingo ili mishipa ya damu ya kichwani ionekane. Njia hizo zilisaidia wengi, lakini zilikuwa na maumivu na hatari. Tena daktari alikuwa kama mtu amtafutaye mwizi kwa kutazama nyayo zake tu.

Mwizi mwenyewe alionekana tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko London. Mwanamke mmoja aliyedhaniwa kuwa na uvimbe aliwekwa kichwa chake katika mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Bwana huyu hakuwa daktari. Alikuwa injinia wa EMI, kampuni iliyojulikana sana kwa sahani za santuri. Mashine yake ilipeleka miali ya eksirei kutoka pande nyingi, na kompyuta ikakusanya hesabu zote na kuchora ubongo kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa. Uvimbe ukaonekana dhahiri, na mgonjwa hakuchomwa sindano wala kukatwa kwa kisu.

Afrika nayo ina sehemu katika habari hii. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kufikiria hesabu za kazi hiyo mwaka 1956 alipokuwa akisaidia katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Alizichapisha mwaka 1963 na 1964, lakini watu wachache walizijali. Mwaka 1979 yeye na Hounsfield walipewa pamoja Tuzo ya Nobel.

Baadaye ikaja mashine nyingine itumiayo sumaku yenye nguvu badala ya eksirei, nayo huonyesha sehemu laini za ubongo kwa uwazi zaidi. Hata hivyo picha si mwisho wa kazi. Mara nyingi hukatwa kipande kidogo cha uvimbe na kutazamwa kwa hadubini, ili ijulikane ni wa namna gani.

Faida ya picha hizi si kwa uvimbe peke yake. Mtu akipatwa na kiharusi, huenda mshipa umezibwa na damu iliyoganda, au huenda umepasuka. Kwa nje hali hizo mbili hufanana, lakini dawa ya kuyeyusha damu imfaayo mgonjwa wa kwanza yaweza kumwua wa pili. Ni picha inayozitenganisha, na kila saa inayopita huharibu sehemu ya ubongo.

Lakini mashine haimwendei mgonjwa nyumbani. Kichwa kinachouma zaidi alfajiri pamoja na kutapika, kifafa kinachomwanza mtu akiwa mzima wa umri, macho yanayopoteza nuru, au tabia inayobadilika bila sababu, yote haya yapasa kupelekwa kwa daktari mapema. Uso unaopinda ghafula, mkono unaolegea, au ulimi unaokuwa mzito, hayo hayangoji hata kesho. Jamaa wanaomficha mgonjwa ndani kwa kudhani amerogwa humnyima wakati, na wakati ukipotea hakuna mashine iwezayo kuurudisha.