Gemu ni Bure, Ila Wewe Ndo Umati

Kuna staa mmoja wa hapa Dar, jina kapuni, msinitafutie kesi. Kila ukimkuta nyuma ya jukwaa kainamia simu, anacheza gemu ya kurushiana risasi, na mhusika wake kapendeza kuliko yeye mwenyewe. Mabawa, bunduki ya dhahabu, vyote kanunua. Mtandaoni watu wanamcheka eti anachoma hela kwa nguo za katuni. Mimi naona tungeanza kujicheka sisi tusiolipa.

Iko hivi. Hizi gemu za kupakua bure zinalishwa na watu wachache mno. Wengi wetu hatutoi hata mia. Wale wachache wanaomwaga hela, wenye biashara yao wanawaita nyangumi. Sasa kama mimi na wewe hatulipi, mbona hawatutoi? Fikiria klabu zetu, wadada wanaingia bure kabla ya saa tano. Mwenye klabu hajaingiwa na huruma ghafla. Anajua bosi hafungui chupa ya bei mbaya kwenye ukumbi mtupu. Mabawa ya staa wetu yana thamani kwa sababu tupo sisi, na vile vinguo vya kuanzia, tunayakodolea macho.

Na ili usitoke ukumbini, hapo ndo akili za watu zimetumika kwelikweli. Chukua Candy Crush Saga, iliyotoka 2012. Unapewa maisha matano, ukipoteza moja linarudi baada ya nusu saa. Kwa nini usubiri? Simu yako haijachoka. Kusubiri kumewekwa makusudi, ili uuziwe njia ya kutosubiri. Hata usiponunua, umeondoka na hamu, baada ya nusu saa unarudi mwenyewe bila kuitwa. King, kampuni iliyoitengeneza, ilinunuliwa 2016 kwa karibu dola bilioni 5.9. Kwa kupanga pipi tatu tatu!

Halafu zile spini na masanduku ya bahati. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alifanya majaribio na njiwa wanaodonoa kitufe ili wapate chakula. Chakula kikija bila mpangilio, leo baada ya kudonoa mara chache, kesho mara nyingi, njiwa anadonoa kama kichaa, na hata kikikatwa haachi upesi. Tofauti yetu na yule njiwa ni bando tu.

Na ile "ingia kila siku upate zawadi"? Siku ya sita huingii kwa raha, unaingia kwa kuogopa kupoteza zile tano. Daniel Kahneman na Amos Tversky walishaandika hayo mwaka 1979: kupoteza kunauma kuliko kupata kiasi hichohicho kunavyofurahisha.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni almasi. Ukitoa elfu tano yako unaiona ikiondoka. Ikishakuwa almasi, unaitumia kama karatasi za kuchezea. Tena vifurushi havilingani na bei za vitu, kila mara unabaki na vialmasi visivyonunua chochote, vinakusubiri uongeze.

Najua mtasema si hiari ya mtu. Sawa, ni hiari, na mimi mwenyewe kwenye mwendokasi bila gemu sijui ningefanyaje. Lakini wenzetu wameshaanza kuuliza maswali. Ubelgiji mwaka 2018, mamlaka ya michezo ya kubahatisha ilisema masanduku ya bahati ya kulipia kwenye baadhi ya gemu ni kamari. Marekani mwaka 2022, Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 245 zirudi kwa wachezaji, baada ya kudaiwa kwamba walipanga vitufe kiasi cha mtu kununua bila kukusudia.

Mimi siombi gemu zifungiwe. Naomba bei ya kila kitu iandikwe kwa shilingi, palepale kwenye kitufe, na kabla ya spini niambiwe nina nafasi ngapi ya kupata hayo mabawa. Hilo tu. Kama biashara ni safi, linawauma nini?

Haya, na nyie mnaojiita wachezaji wa bure, fungueni meseji za miamala ya mwezi huu mhesabu vile vya elfu elfu. Nani kafika hamsini?