Nduthi ya Mzungu Ni Urithi, ya Kwetu Ni Kero

Kuna picha moja imenichosha. Kijana mzungu, nywele za mafuta, koti jeusi la ngozi, skafu nyeupe shingoni, amekaa juu ya Triumph au Norton nje ya mkahawa wa London, mwaka 1960 hivi. Utaipata kwa ukuta wa kinyozi, kwa menyu ya kahawa ya bei, kwa fulana. Chini yake kuna maneno matamu: urithi, uhuru, mtindo usiozeeka. Maneno ya aina hiyo mimi huyaandika kwa malipo, neno kwa neno. Leo naandika ya bure.

Wale vijana hawakuwa urithi wa mtu yeyote. Walikuwa kero.

Chukua Ace Cafe, ile kila shabiki anaitaja. Ilifunguliwa 1938 kando ya barabara ya North Circular, London, kuwahudumia madereva wa malori. Ikapigwa bomu wakati wa vita, ikajengwa upya 1949. Ilikuwa wazi usiku kucha, na vijana waliotoka kazini viwandani na gereji walipata pa kukaa. Gari hawangemudu. Pikipiki ya kulipa pole pole waliimudu.

Hiyo tunayoita staili ilitoka hapo, na kila kitu kilikuwa na kazi yake. Usukani ulishushwa ili mtu alale juu ya tangi, upepo usimshike. Vyuma visivyo na lazima viling'olewa kupunguza uzito. Skafu ilikinga uso na vumbi. Ulikuwa huna doo ya pikipiki ya mashindano? Ulichukua injini ya Triumph, ukaifunga kwa fremu ya Norton, ukaiita Triton. Hiyo ni jua kali, wasee. Hakuna mtu alikuwa anabuni urithi. Walikuwa wanatafuta maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160, kwenye barabara ya umma, na wengine hawakurudi nyumbani.

Nchi yao iliwachukuliaje? Pasaka ya 1964, vijana wa pikipiki waliojulikana kama Rockers na wale wa skuta, Mods, walizozana Clacton, mji wa pwani. Magazeti yakaandika kana kwamba vita vimerudi. Mei ikawa zamu ya Brighton, na mahakimu wakatoa adhabu za kuwatisha wengine. Mwaka 1972 mwanasosholojia Stanley Cohen alitoa kitabu kizima kuonyesha jinsi kisa kile kilivyotiwa chumvi, na jinsi jamii huokota kundi moja la vijana na kulibebesha hofu zake zote. Mmoja aliyewaendea bila rungu alikuwa padre, Bill Shergold, mwendesha pikipiki yeye mwenyewe. Mwaka 1962 alienda Ace Cafe akawaalika kanisani. Wakaja.

Halafu mambo yakaisha. Mwaka 1969 Ace ikafungwa. Mwaka huohuo Honda ikaanza kuuza CB750, iliyowaka kwa kubonyeza kitufe, na viwanda vya Uingereza havikuwa na jibu. Miaka michache baadaye BSA ya Birmingham ikaanguka. Viwanda vikishakufa na vijana wakishaota vitambi, ndipo mapenzi yakaanza. Wakakutana tena kwa mkahawa 1994, na 2001 Ace ikafunguliwa upya, sasa kivutio cha wageni. Hamu ya zamani iko hivyo: humpenda kijana akishazeeka, akiwa hawezi tena kumpita mtu kwa kasi.

Hata mashindano yenyewe yamepakwa rangi. Mbio za TT katika kisiwa cha Man zimekuwepo tangu 1907. Njia ya milimani, karibu kilomita 60 kwa mzunguko, imeua waendeshaji zaidi ya 250. Gilberto Parlotti alipofia hapo 1972, bingwa Giacomo Agostini alikataa kurudi tena. Hiyo huwezi kuiona kwa fulana.

Sasa uliza majina hayo matukufu ni ya nani leo. Norton ilinunuliwa 2020 na TVS ya India. Jina la BSA liko chini ya kundi la Mahindra. Triumph ndogo za kisasa huundwa na Bajaj. Umesikia? TVS na Bajaj. Hizo ziko steji ya mtaa wenu, zinangoja abiria. Anayetengeneza ndoto ya mzungu ndiye huyohuyo anayetengeneza nduthi unayoitukana kwa foleni.

Na hapa ndipo mimi hukasirika. Ada yangu ya chuo, kabla sijaacha, ililipwa na nduthi ya kaka yangu. Iko na mwavuli wa kukinga jua, vifuko vya kukinga mikono na baridi ya asubuhi, na maneno kwa kizuia matope. Kila kitu kina kazi yake, kama kwa Triton. Lakini hiyo tunaiita ushamba.

Utaniambia boda wana uhalifu. Kweli, wapo. Machi 2022 mwanamke alidhulumiwa vibaya na watu wa boda kwenye barabara ya Profesa Wangari Maathai, Nairobi, na waliofanya vile walistahili kushtakiwa mmoja mmoja. Lakini amri iliyotoka juu ilikuwa msako wa nchi nzima. Kaka yangu, ambaye hakuwa hata karibu na hiyo barabara, wiki hiyo alificha nduthi nyuma ya nyumba, na hatukula vizuri. Kuadhibu wahalifu ni jambo moja. Kuadhibu kazi ni lingine.

Sisemi uchome koti lako. Ni koti zuri. Nasema huwezi kulipia ukumbusho wa vijana maskini waliotengeneza pikipiki zao kwa mikono, halafu ushangilie kanjo wakipakia nduthi kwa lori. Ukitaka kujua Ace Cafe ilikuwaje kabla haijawa picha, amka saa kumi na moja alfajiri uende steji. Kunywa chai nao. Na nauli ukitajiwa, lipa, usibishane.