Ukimya wa Sanduku Una Maana Nyingi

Jamaa za Kamenge ambao mtu wao yuko kazini mbali waujua uzito wa kungoja habari. Tangu Desemba 2007, askari wa Burundi walipoanza kupelekwa Somalia, nyumba nyingi zilijifunza ya kuwa ukimya hauna maana moja: huenda habari haijatumwa, huenda imetumwa lakini haijachukuliwa.

Ndani ya kompyuta mambo ni hayo hayo. Mfumo wa VMS, uliotangazwa na kampuni ya Digital ya Marekani tarehe 25 Oktoba 1977, na utumikao hata leo kwa jina la OpenVMS, huziwezesha programu kupelekeana ujumbe kwa njia ya sanduku. Sanduku hilo halishikiki kwa mkono. Ni nafasi iliyotengwa katika kumbukumbu ya mashine. Hata hivyo, mfumo hulihesabu kuwa kifaa, kama ulivyo mtambo wa kuchapa, na hulipa jina lenye herufi MBA na namba.

Kwa kuwa ni kifaa, laweza kuulizwa sifa zake. Huduma iitwayo GETDVI hujibu: ujumbe mmoja waruhusiwa kuwa na urefu gani, mwenye sanduku ni nani, na ujumbe unaongoja ndani yake ni mara ngapi.

Maswali hayo si ya upuzi. Sanduku likijaa, kwa kawaida programu inayotuma husimamishwa mpaka nafasi ipatikane. Ikiwa programu ya kupokea imekwama, mtumaji atangoja bila kikomo, na aketiye mbele ya kioo atadhani mashine nzima imeharibika. Akiuliza na kuona ujumbe umerundikana, atajua kwamba aanze kumchunguza mpokeaji. Akikuta sanduku tupu na mpokeaji angali akingoja, amwendee mtumaji. Tena sanduku la muda hufutwa programu ya mwisho inapoliachilia. Ujumbe usiosomwa hupotea pamoja nalo.

Hekima hiyo yafaa nyumbani pia. Kabla ya kumlaumu aliye mbali, na ielezwe kwanza: sanduku la posta lilifunguliwa lini, ufunguo wake u mikononi mwa nani, na simu ya nyumbani ingali na nafasi ya kupokea ujumbe? Lawama iliyotangulia maswali huvunja nyumba. Swali lililotangulia lawama huijenga.