Ukimya si dawa ya deni la ushuru

Juma hili naomba tuzungumzie jambo ambalo watu wengi hawapendi kulitaja, hata mbele ya wake au waume zao. Mtu atakueleza bila haya kwamba anadaiwa kodi ya nyumba ya miezi miwili, au kwamba mwenye duka amekataa kumwandikia tena kwenye daftari. Lakini muulize kama amejaza fomu zake za ushuru za mwaka uliopita. Utamwona akigeuza mazungumzo na kuanza kukuuliza habari za mvua.

Simlaumu. Mimi pia nilikuwa hivyo, na ndiyo sababu naandika haya.

Ilikuwa Jumatano jioni, mwezi Februari 2024. Binti ya kaka yangu alibisha mlango wetu akiwa amekumbatia bahasha ya kaki yenye vyeti vyake. Alikuwa amemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, na kulikuwa na kazi ya serikali aliyotaka kuiomba. Siku ya mwisho ya kupeleka maombi ilikuwa Ijumaa. Cheti cha polisi cha nidhamu njema alikuwa nacho, na barua ya bodi ya mikopo ya HELB alikuwa nayo. Kilichokosekana ni kimoja tu, cheti cha Halmashauri ya Ukusanyaji Ushuru (KRA) cha kuonyesha kwamba hadaiwi.

"Shangazi," akasema huku machozi yakimlengalenga, "mtambo unaonyesha nadaiwa elfu nane. Nadaiwaje, nami sijawahi kuajiriwa hata siku moja?"

Hilo ni swali ambalo wanafunzi wengi huliuliza wakati umekwisha kuwapita. Msichana huyu alichukua nambari ya PIN mwaka wa 2019 alipokuwa akitafuta mkopo wa masomo. Wengine huichukua ili wafungue akaunti ya benki. Wakiipata huisahau, kama mtu anavyosahau kadi ya kliniki. Lakini PIN ni kama shamba lililoandikwa jina lako. Upande usipande, wewe ndiwe unayeulizwa habari zake. Aliye na PIN iliyosajiliwa kwa ushuru wa mapato hutakiwa kueleza kila mwaka alipata nini, na ikiwa hakupata chochote, ajaze fomu ya sufuri kusema hivyo. Kazi yenyewe huchukua dakika chache.

Asipofanya hivyo kwa wakati, sheria ya taratibu za ushuru ya mwaka wa 2015 humtoza mtu binafsi adhabu ya asilimia 5 ya ushuru anaopaswa kulipa au Sh2,000, kutegemea kiasi kipi ni kikubwa. Kabla ya sheria kurekebishwa mwaka wa 2018, kiwango hicho cha chini kilikuwa Sh20,000. Mpwa wangu hakuwa amejaza fomu za mapato ya 2019, 2020, 2021 na 2022. Miaka minne mara elfu mbili ni hizo elfu nane.

Tulikaa na tarakilishi hadi saa sita za usiku. Tulijaza fomu za miaka yote minne, kisha tukaomba asamehewe adhabu, kwani wakati huo kulikuwa na msamaha nitakaoueleza baadaye. Hata hivyo, Ijumaa ilifika cheti kikiwa bado hakijatoka. Kosa lilikuwa letu, tuliokurupuka siku mbili kabla ya mwisho. Kazi ile ikampita. Cheti alikipata baadaye, lakini nafasi haikumngojea.

Usiku ule, alipokwisha kulala, mimi sikupata usingizi. Nilikuwa nimejifanya mwalimu wa ushuru wa mtoto wa watu, ilhali nilikuwa na siri yangu.

Mwaka wa 2021, mbali na mshahara wangu, nilifanya kazi ya ziada. Shirika moja lilinipa kazi ya ushauri, niwaandalie ripoti, na malipo yakawa Sh120,000. Walikata asilimia 5, yaani Sh6,000, wakaipeleka KRA kwa jina langu na kunipa Sh114,000. Mimi nikajiambia kwamba ushuru umekwisha kukatwa. Juni 2022 nilipojaza fomu, niliandika mshahara peke yake.

Kumbe ile asilimia 5 ilikuwa malipo ya kwanza tu. Pesa za kazi kama hiyo hujumlishwa na mshahara, kisha mtu hulipa kwa kiwango anachofikia. Kwangu mimi, kiwango kilikuwa asilimia 30. Ushuru wa Sh120,000 ulikuwa Sh36,000. Ukiondoa Sh6,000 zilizokatwa, nilibaki nikidaiwa Sh30,000 zilizopaswa kulipwa kufikia mwisho wa Aprili 2022.

Barua pepe ya kuniuliza kuhusu mapato hayo ililetwa Oktoba 2023. Nilisoma kichwa chake, moyo ukapiga paa, nikaifunga. Kila nilipofungua barua zangu niliiruka, kama mtu anayepita upande wa pili wa barabara asikutane na mdai wake. Mume wangu sikumwambia. Tulikuwa tunaweka akiba ya karo ya kifungua mimba wetu, nami nilijua atakaponiuliza nilizipeleka wapi zile pesa, sitakuwa na jibu.

Sasa tazama jinsi deni linavyotenda kazi mwenyewe anapokuwa amejifunika blanketi. Ushuru usiolipwa kwa wakati hutozwa adhabu ya asilimia 5 mara moja, na kwangu hiyo ilikuwa Sh1,500. Kisha huja riba ya asilimia 1 kila mwezi, ambayo kwangu ilikuwa Sh300. Toka Mei 2022 hadi Februari 2024 ni miezi 22, kwa hivyo riba ilikuwa imefika Sh6,600. Jumla ya nyongeza ilikuwa Sh8,100, na miezi mitano ya hiyo niliinunua kwa woga wangu mwenyewe baada ya kupata barua. Sheria husema riba isizidi deni lenyewe, lakini hiyo si faraja kubwa. Maana yake ni kwamba deni la Sh30,000 laweza kuzaa Sh30,000 nyingine.

Asubuhi nilimweleza mume wangu kila kitu. Alinyamaza kwa muda, akakoroga chai yake, kisha akasema, "Ungeniambia Oktoba." Ni hayo tu. Neno hilo liliniuma kuliko kama angefoka.

Nilirekebisha fomu ya 2021, jambo ambalo sheria huruhusu ndani ya miaka mitano. Nililipa Sh10,000 mwezi Machi, nyingine Aprili na nyingine Mei. Sheria ya fedha ya 2023 ilikuwa imetoa msamaha toka Septemba 1, 2023 hadi Juni 30, 2024. Aliyelipa deni lenyewe la kipindi cha hadi Desemba 31, 2022 alisamehewe adhabu na riba. Nikasamehewe.

Nisikufiche, msomaji, nilibahatika. Msamaha mwingine ulitolewa Desemba 2024, ukihusu madeni ya hadi mwisho wa 2023, nao ukafungwa Juni 30, 2025. Wako watu wanaokaa kitako leo wakisubiri wa tatu. Mimi siwezi kukushauri uijenge nyumba yako juu ya msamaha ambao hujausikia ukitangazwa, wakati riba inahesabu miezi.

Basi afanye nini aliye na miaka ambayo hakujaza, au deni asiloliweza? Jambo la kwanza na kubwa kuliko yote ni kutenganisha kujaza na kulipa. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mtu husema, "Sina pesa, kwa hivyo nitajaza nikizipata." Kujaza hakuhitaji pesa. Ukijaza bila kulipa, unadaiwa ushuru pamoja na nyongeza zake. Usipojaza, unaongezewa na adhabu ya kutojaza, na isitoshe, wewe mwenyewe hujui unadaiwa ngapi. Jaza hata kama mfuko ni mtupu.

Pili, kusanya karatasi kabla ya kugusa mtambo wa iTax. Mwajiri hutoa fomu ya P9 inayoonyesha mshahara wako na ushuru wa PAYE uliokatwa mwaka mzima. Waliokukata asilimia 5 wana cheti chake. Kisha anza na mwaka wa zamani kabisa uje mbele. Ikiwa umesahau neno la siri, au ile barua pepe uliyojisajilia ilikufa zamani, nenda Huduma Centre ukiwa na kitambulisho chako. Hutakuwa wa kwanza.

Tatu, usidanganywe na sufuri. Vijana wa saiba hupenda kumjazia kila mtu fomu ya sufuri kwa sababu ni ya haraka. Kwa mwanafunzi asiye na mapato ni sawa. Kwa mtu aliyeajiriwa ni uongo ulioandikwa kwa jina lake, na mwajiri amekwisha kupeleka hesabu tofauti. Kukatwa PAYE kila mwezi hakukuondolei wajibu wa kujaza. Aliyekuwa na waajiri wawili kwa wakati mmoja awe mwangalifu zaidi, kwani nafuu ya Sh2,400 kwa mwezi hupewa mtu mara moja, na huenda kila mwajiri alimpa.

Nne, ukishajaza na kuona huwezi kulipa kwa mkupuo, andika uombe kulipa kwa awamu. Sheria inaruhusu. Taja kiasi ambacho kweli utakiweza baada ya kodi, karo na unga, kwa maana ahadi iliyovunjwa ni mbaya kuliko ahadi ndogo. Riba huendelea kuhesabiwa mpaka umalize, kwa hivyo mwezi ukiwa na ziada, ongeza. Na pesa hizo zilipwe kwa nambari ya malipo inayotolewa na mtambo. Usitume kwa simu ya mtu yeyote anayesema ana ndugu ndani ya ofisi atakayekufutia deni.

Pengine utauliza, na nikinyamaza tu? Jibu ni kwamba KRA yaweza kuiandikia benki yako, mwajiri wako, hata mpangaji wako, kwamba pesa zako zipelekwe kwao kwanza. Yaweza pia kuomba uzuiwe kutoka nchini. Wala si lazima mambo yafike huko ndipo uumie. Mpwa wangu hakuzuiwa na askari yeyote. Alizuiwa na karatasi moja ambayo ingekuwa bahasha moja na zile nyingine, kama angetenga dakika chache kila mwaka.

Wazazi, mtoto anapochukua PIN ya mkopo wa masomo, mfundisheni siku hiyo hiyo kujaza fomu ya sufuri, kama mlivyomfundisha kuvuka barabara. Nanyi wanafunzi, andikeni tarehe hiyo kwenye kalenda ya chumba chenu, mbali kidogo na tarehe ya mwisho, maana siku za mwisho kila mtu huwa kwenye mtambo.

Na wewe uliyeoa au kuolewa, leo ni Jumapili. Baada ya chakula cha mchana, watoto wakishatoka kwenda kucheza, leta zile karatasi mezani. Kama kuna barua uliyoifunga bila kuisoma, ifungue mwenzako akiwa kando yako. Utaona tarakimu, na tarakimu hata ikiwa kubwa ina mwisho. Mimi yangu ilikuwa elfu thelathini. Katika miezi ile mitano ya kuikimbia, kichwani mwangu ilikuwa imekuwa laki tatu.

Siku hizi kazi yoyote ya ziada ikilipwa, mume wangu huniuliza swali moja kabla hatujapanga la kununua: "Hii umeiandika wapi?" Nina daftari jekundu juu ya kabati. Humo naandika tarehe, aliyenilipa, kiasi, na kilichokatwa. Karatasi zake nazihifadhi kwa miaka mitano kama sheria inavyotaka. Mpwa wangu naye amenunua lake.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.