Filoni haikukimbia, ilikatwa

Kila mtu aliyeshuka shimo kule Kolwezi ao Likasi anajua saa ile. Mumefuata malakiti siku tatu, siku ine, mifuko inajaa, anayelipia shimo anacheka. Halafu asubuhi moja nyundo inapiga jiwe lingine kabisa: jekundu, laini kama sabuni, ndani hakuna kitu. "Filoni imekimbia," banasema. Wengine banasema imefichwa, juu mwenye shimo hakuwapa wakubwa wa pahali haki yao. Basi kuku mweupe ananunuliwa. Kesho yake galeri inachimbwa kushoto, kesho kutwa kulia, na hakuna anayejua inaenda wapi.

Mimi nasema filoni haikimbie. Ilikatwa, na aliyeikata ni dunia yenyewe, zamani sana, mbele hata mti wa kwanza kuota.

Mawe yetu ya shaba yalilala kwanza kama mikeka: mchanga, tope, chokaa, mmoja juu ya mwingine, chini ya bahari ya maji mafupi. Halafu, kati ya miaka milioni 550 na milioni 500 iliyopita, vipande viwili vikubwa vya bara, kimoja cha upande wa Kongo na kingine cha kusini, vilisukumana. Mikeka ikakunjika. Mkunjo ule njo huu upinde mrefu unaotoka Kolwezi, unapita Likasi na Lubumbashi, unaingia Zambia. Na katikati ya mikeka mulikuwa chumvi. Chumvi ikibanwa inateleza, kwa hiyo mikeka haikukunjika tu, ilivunjika, ikapanda mmoja juu ya mwingine. Pale Kolwezi mawe ya zamani yenye shaba yamelala juu ya mawe madogo kwa umri. Babu amebebwa mgongoni na mjukuu!

Vipande vilivyovunjika havilingani. Kimoja kina urefu wa kilomita, kingine mita chache tu. Ukifika mwisho wa kipande chako, shaba inaisha kama mkate uliokatwa na kisu. Na bulongo ulio kati ya kipande na kipande ni jiwe lililosagwa. Pale njo taabu iko. Wazee wa Gécamines, na wa Union Minière mbele yao, wanaita ile jiwe laini RAT, udongo na talki. Ikiwa kavu, inakudanganya kama iko nguvu. Ikinywa maji ya mvua, inateleza yote mara moja na kushuka na dari ya galeri. Mtu aliyekuwa anatafuta filoni iliyokimbia amejipeleka mwenyewe ndani ya pahali pabaya kuliko pote.

Wazee wale wanajua mpango wa mikeka kama majina ya watoto wao: RAT ya majivu chini, shaba ya kwanza juu yake, halafu RSC, ile jiwe ngumu yenye matundu, halafu shaba ya pili. Ukijua umegonga nini, unaweza kujua umetoka wapi. Si kila mara, juu kuna pahali mikeka iligeuzwa kichwa chini, na hapo hata mzee anakuna kichwa. Lakini ni bora kuliko kuku.

Sheria inasema mchimbaji wa mikono asipite mita 30. Ni sawa, na sisemi mtu apite. Lakini mita 30 haielezi jiwe. Shimo la mita 10 ndani ya RAT iliyolowa linazika watu vilevile. Kama serikali inatoa zone kwa kooperative, itoe pamoja na karte ya mawe ya pahali pale, na mtu wa kuieleza kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha ofisi. Karte ziko. Zilichorwa tangu wakati wa mkoloni na zimelala ndani ya makabati. Wakubwa wengine wanajibu kwamba mchimbaji hawezi kusoma karte. Mtu anayetofautisha kobalti na jiwe bure kwa kugusa tu ndani ya giza, huyo mwamfundisha nini kusoma?

Na wale wazee wenye pensheni ya kuchekesha, wanaokaa mbele ya nyumba zao Likasi mchana kutwa, kooperative iwalipe siku mbili kwa juma washuke kuangalia kuta. Bei yake haifike bei ya sanduku moja.

Kwenu bamama, mkimpokea bwana jioni, msiulize tu mifuko mingapi. Muulizeni: "Leo mulikuwa ndani ya jiwe gani?" Akisema nyekundu, laini, na mvua imenyesha, kesho abaki nyumbani.