Barazani: Je, Dalali wa Nyumba Astahili Ujira Wake?

Kila kitabu hiki cha jamaa zetu kinapotoka, twasoma ndani yake nani amezaliwa, nani ameoa na nani amehama. Katika wanaohama hawakosi wenye kuuza nyumba, na hapo ndipo ubishi wa barazani unapoanza. Mmoja atasema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ya nini kumlipa dalali?" Mwenziwe atamjibu kwamba rahisi huvunja upishi. Mwaka huu ukurasa wetu utalitazama jambo hili kwa hesabu, kwani methali zote mbili ni za kweli na hakuna hata moja ilipayo deni.

Sisi tuliotoka pwani tumezoea dalali wa namna nyingine. Dar es Salaam, mathalani, mpangaji ndiye amlipaye dalali, aghalabu kodi ya mwezi mmoja; na katika mauzo wapo waliozoea kuweka "cha juu", mwenye nyumba asijue mnunuzi ametoa ngapi. Huku Afrika Kusini mambo ni mengine. Kwa desturi mwuzaji ndiye alipaye, hulipa kwa asilimia ya bei, na fedha hukatwa katika mauzo siku nyumba inapoandikishwa kwa jina la mnunuzi. Dalali aliyepewa kazi na mwuzaji hana ruhusa ya kula faida ya siri.

Basi tupige hesabu. Tuseme nyumba ya Mobeni Heights imeuzwa kwa randi 1,200,000, na dalali ameagana na mwenyewe 6%. Hiyo ni randi 72,000. Ikiwa kampuni yake imesajiliwa kwa kodi ya VAT, huongezwa 15% juu ya ujira, yaani randi 10,800. Jumla ni randi 82,800. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza ni hili: "Asilimia yako ni pamoja na kodi au bila kodi?" La pili ni kwamba hakuna sheria iliyoweka kiwango. Wengi hutaja kati ya 5% na 7.5%, na tofauti ya viwango hivyo viwili kwa nyumba yetu hii ni randi 30,000, kabla ya kodi. Mtu atakayepatana bei ya samaki sokoni kwa nusu saa, kisha akatia saini karatasi ya dalali bila kuuliza neno, amejidhulumu mwenyewe.

Fedha hizo zanunua nini? Dalali mzuri anajua nyumba za mtaa huo zimeuzwa kwa bei gani hasa, si bei zilizotajwa na majirani. Huwachuja wanunuzi, ajue nani benki itamkubalia bondi na nani anakuja kutazama jikoni la watu tu. Husimama katikati watu wanapovutana, maana mwenye nyumba akiambiwa kuta zake zina unyevu hughadhibika, na ghadhabu hufukuza mnunuzi. Lakini kazi ya kuhamisha hati si yake. Hiyo ni ya wakili wa uhamisho, ambaye kwa desturi huchaguliwa na mwuzaji na hulipwa na mnunuzi, na huandikisha uhamisho katika ofisi ya hati Pietermaritzburg. Uwe na dalali au usiwe naye, wakili huyo yupo. Cheti cha umeme na cheti cha manispaa ya eThekwini kwamba hakuna deni, hivyo navyo havina budi kupatikana.

Je, dalali huleta bei kubwa zaidi? Wataalamu wa Marekani wamelichungua jambo hili. Huko Madison, katika jimbo la Wisconsin, watafiti watatu walilinganisha nyumba zilizouzwa na wenyewe na zile zilizouzwa kwa madalali, na mwaka 2009 walitangaza kwamba bei hazikutofautiana. Tofauti ilikuwa kwamba wenye kuuza wenyewe walichukua muda mrefu zaidi, na wengine walishindwa wakaishia kwa dalali. Mwaka mmoja kabla yake, Steven Levitt na Chad Syverson walichapisha uchunguzi wa mauzo karibu 100,000 katika vitongoji vya Chicago. Waliona kwamba madalali wanapouza nyumba zao wenyewe hungoja siku tisa na nusu zaidi, na hupata bei iliyozidi kwa 3.7%. Maana yake si ngumu. Bei ikishuka kwa randi 50,000, wewe umepoteza 50,000 kasoro ujira, naye wa 6% amepoteza 3,000 tu. Kwake yeye kuuza upesi ni bora kuliko kuuza vizuri. Chicago si Durban, lakini hesabu ya asilimia ni ile ile. Akikuhimiza uikubali bei ya kwanza, sikiliza, kisha ulale nayo usiku mmoja.

Sheria nayo imebadilika, na wengi wetu hawajapata habari. Tangu tarehe 1 Februari 2022 inatumika Sheria Namba 22 ya 2019 juu ya watendaji wa mali, iliyochukua mahali pa ile ya 1976. Dalali hana budi kuwa na cheti cha mfuko wa amana kutoka mamlaka iitwayo PPRA. Asiye nacho hana haki ya ujira hata akileta mnunuzi. Kadhalika, kabla ya kukubali kazi, yampasa akupe fomu ya kueleza kasoro za nyumba, nawe uijaze na kutia saini. Paa livujalo na ukuta uliopasuka viandikwe. Baada ya mafuriko ya Aprili 2022, mnunuzi wa Durban huuliza habari za maji kabla ya habari za vyumba.

Tufikirie mama mjane wa mtaa huu. Mumewe ametangulia, watoto wako Muscat na Johannesburg, na nyumba imemwia kubwa. Shemejiye amwambia auze mwenyewe. Dalali mmoja ametaka 7%. Amsikilize nani? Kabla ya wote wawili atazame jina lililo katika hati. Ikiwa ni la marehemu, au ni la wote wawili, hawezi kuuza kwa neno lake peke yake. Sharti awepo msimamizi wa mirathi aliyepewa barua na ofisi ya Master wa Mahakama Kuu. Dalali asiyeliuliza jambo hilo siku ya kwanza, mama na amshukuru kwa chai aliyokunywa, amwage.

Hilo likiisha, atazame kama mnunuzi yupo tayari. Akiwapo, labda mpangaji wake au kijana wa jirani anayetafuta nyumba karibu na wazee wake, basi 7% ni ya nini? Amwendee wakili, amlipe aandike mkataba. Sheria ya 1981 yasema mauziano ya ardhi lazima yaandikwe na kutiwa saini. Maneno ya mkono kwa mkono hayafai kitu, hata kwa ndugu. Malipo ya kwanza yakae katika akaunti ya amana ya wakili, wala asitoe funguo kabla ya masharti ya kukaa kuandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ikiwa mnunuzi hayupo, na mama hapendi wageni wakimbishia hodi usiku, dalali ni bora kuliko taabu. Lakini apatane, na asome muda wa mkataba. Akimpa dalali mmoja peke yake miezi mitatu, kisha akajiuzia mwenyewe mwezi wa pili, yamkini atadaiwa ujira. Dawa yake ni kuandika ndani ya mkataba majina ya jamaa na majirani waliokwisha kuuliza, kwamba hao wakinunua hakuna ujira. Na mnunuzi aliyeletwa na dalali wa kwanza asiuziwe kupitia wa pili bila kumwuliza wakili, maana mahakama hutazama ni nani aliyesababisha mauzo, na kuna watu waliokwisha kulipa ujira mara mbili.

Kwa nini tunayachunga mambo haya hivi? Kwa sababu katika upande huu wa Durban nyumba ina historia. Wazanzibari wa mji huu, ambao wazee wao walianza kuletwa hapa mwaka 1873 baada ya kukombolewa katika utumwa, waliishi King's Rest kule Bluff, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakahamishiwa Chatsworth kwa Sheria ya Maeneo ya Makundi. Hawakuulizwa bei, wala hakuna aliyewauliza kama wanataka kuhama. Mwenye nyumba leo anayeweza kusema "nauza" au "siuzi", na kwa bei gani, ana haki ambayo wengi waliomtangulia hawakuwa nayo. Haki hiyo asiikabidhi kwa mtu asiyemjua kwa saini ya haraka.

Rai yetu, basi, ni hii: mnunuzi akiwa mlangoni, mlipe wakili. Asipokuwapo, mlipe dalali mwenye cheti, kwa asilimia uliyoipatana na kwa muda ulioandikwa. Wenye kuhama mwakani, kabla ya kufunga mizigo mpelekeeni mhariri anwani mpya, kitabu kiwafuate.